Stesheni ya Kadibodi

Tulimzika Githinji kule Theta Jumamosi moja ya manyunyu. Mimi, niliyekuwa na neno la kumwambia kwa zaidi ya miaka sitini, nilirusha udongo wangu pamoja na wengine, kisha nikarudi kwenye kiti changu cha plastiki chini ya hema. Neno lenyewe halikuwa refu. Nilimdanganya mara moja, njiani, tukitoka kazini, mwaka wa hamsini na tano. Tangu siku ile, kila nilipokutana naye, harusini, kanisani, sokoni Ruiru, nilijiambia leo nitasema, halafu tukaulizana habari za magoti na bei ya maziwa, tukaachana. Husemwa kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Mimi hata kuinama nijaribu sikujaribu. Baada ya chakula, sahani ya githeri ikiwa bado mapajani, alinijia binti yake, Wairimu, ambaye siku hizi ana wajukuu wake huko Kimbo, akiwa na mkebe wa biskuti ulioliwa na kutu pembeni. "Tata," akaniambia, maana ananiita shangazi tangu akiwa mtoto, "hii baba alisema nikupatie mkononi. Si kwa mtu mwingine." Nilifungua kifuniko nikaona paa. Paa dogo la mabati, ila mabati yenyewe ni karatasi iliyopigwa marinda na kupakwa rangi ya kutu. Nikafunga upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta mwenyewe ndani. Wairimu alibaki amesimama, na niliona kwamba alikuwa na maneno mengine aliyotumwa.

Sitaeleza nilizaliwa na nani wala tulikuwa wangapi. Hayo wajukuu wangu wameyasikia mpaka wanapiga miayo. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini, ufundi wa cherehani niliojifunza kwenye veranda ya duka moja la Mhindi pale Thika, na barua ya Mzungu iliyokunjwa ndani ya pasibuku yangu, kile kitabu cha ruhusa ya kutembea. Hiyo barua ndiyo ilikuwa mali. Ilikuwa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, tumehamishwa sote tukawekwa kijijini, nyumba zimepangwa mistari, handaki lenye vijiti vilivyochongwa limetuzunguka, na lango ni moja tu. Mwanamke asiye na barua ya kazi alichimba handaki tangu asubuhi, na handaki halikuwa na mwisho, kwa sababu likikamilika huku lilibomoka kule. Mwenye barua alipita langoni asubuhi na kurudi kabla ya saa kumi na moja jioni. Kwa hivyo Bwana, yule Mzungu wa barua, akiniambia kesho usije, hakuwa ananifukuza kazi tu. Alikuwa ananikabidhi jembe. Niliamka na hofu hiyo kila siku na nilishona nayo.

Bwana mwenyewe tulimwita Kihara, kwa ajili ya upara wake, lakini asipokuwa karibu. Alikuwa mzee aliyepima njia za reli ujanani, akastaafu kwenye shamba dogo la kahawa nje ya Ruiru, mke amekufa, watoto wako Ulaya. Mikono yake ilitetemeka. Aliniajiri nishone mapazia mazito ya chumba kimoja tu, na nilipoingia kukipima chumba hicho nilisahau nilichokuja kufanya. Meza ilijaa kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake reli nyembamba, treni za chuma, miti ya sponji, na mji mzima wa kadibodi: kanisa, posta, maduka, ghala la mizigo, stesheni. Aliletewa vijumba vile kabla ya vita vikiwa karatasi ngumu zilizochapwa matofali na madirisha, za kukata, kukunja na kugundisha. Sasa vilikuwa vimezeeka. Jua lilikuwa limefifisha matofali upande wa dirishani, ndiyo maana ya mapazia, na unyevu wa mvua nyingi ulikuwa umelegeza kuta zikabonyea ndani. Kanisa liliinama hata nikaliona haya. Bwana alikaa kwenye stuli akilitazama, wembe mkononi, mkono ukimcheza, asiweze kukata hata mstari mmoja. Nilimhurumia, na nilijionya kwamba kumhurumia Mzungu ni kazi ambayo hakuna aliyeniajiri kuifanya.

Siku ya nne, alipokuwa amelala baada ya chakula cha mchana, nilichukua lile kanisa. Mimi sikuliona kama nyumba. Niliona koti lililoshonwa bila bitana. Nililifungua maungio kwa mvuke wa birika jikoni kwa Githinji, aliyekuwa mpishi wa nyumba ile, nikakata kadibodi ya boksi la viatu, nikaibandika ndani ya kuta, na kwenye pembe nikaweka vijiti vya kiberiti, kama tunavyoweka kitambaa kigumu ndani ya kola isianguke. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini pale ufa ulikuwa umeshinda zamani, kwa hivyo nilijenga ukuta. Kanisa lilisimama wima. Kisha nikasikia miguu mlangoni. "Nani nagusa hii kanisa?" Bwana aliuliza, na uso wake ulikuwa mwekundu mpaka juu ya upara. Nilisema ni mimi, sauti ikatoka ndogo, tayari nikiliona jembe. Alilinyanyua kanisa, akalibonyeza ukuta kwa kidole gumba, akalibonyeza tena. Halikubonyea. Alilirudisha mezani polepole. "Mapazia wacha," akasema. "Kesho wewe nafanya posta."

Nikafanya posta, na maduka, na ghala. Kila jengo lilinifundisha jambo. Madirisha yaliyochapwa meusi niliyatoboa kwa wembe, nikaweka nyuma yake karatasi angavu za pakiti za sigara, na fremu nikazifanya kwa uzi uliolowekwa gundi. Pale kadibodi ilipokunjwa, weupe wake ulichungulia kwenye pembe ukafichua kwamba ni karatasi. Nikaupaka rangi ya matofali kwa unyoya wa kuku. Mifereji ya paa ilikuwa vijiti vya fagio vilivyopasuliwa katikati. Bwana alikaa nyuma yangu akihema, na nilipokosea alipiga stuli kwa kiganja, nikaruka. Hakuwahi kusema vizuri. Neno lake la kusifu lilikuwa "Haya."

Gundi niliipika mwenyewe kwa unga wa ngano, kama nilivyofundishwa kugundisha patani, zile karatasi za kukatia nguo. Wiki ya tatu Bwana aliita kwa sauti iliyomfanya Githinji aangushe kifuniko cha sufuria. Mende walikuwa wamekula posta. Walikuwa wameipenda gundi yangu, wakala na ukuta juu yake, na mlango wa mbele ulikuwa umebaki nusu. Bwana aliniambia nina siku mbili za kuirekebisha. Aliyeniokoa ni Githinji. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini, mpole wa sura na mkali kwa unga wake. "Atiriri, Fundi," akaniambia, mikono kiunoni, "kwanza unaniibia unga, halafu unalisha mende nayo. Mende wa hapa sasa watakataa makombo." Alinikalisha, akanipa chai na kiazi kitamu cha kuchemsha, kisha akaenda stoo ya shamba akarudi na kipande cha mrututu, ile dawa ya buluu iliyonyunyiziwa mikahawa. Tuliusaga, tukaweka punje chache ndani ya uji wa gundi, na gundi ikapata rangi ya maji ya bahari kwenye picha. Mende hawakuonekana tena. Siku hiyohiyo Githinji alikwaruza alama kwa msumari ndani ya debe la unga. "Kila Jumatano ninajaza," akasema. "Ikishuka, najua ni nani." Nilimwambia hata Bwana hapimi hivyo, naye akacheka mpaka akajipangusa machozi kwa aproni.

Mvua za masika zilipoanza, Bwana alisema anataka jambo jipya. Stesheni yake ya kadibodi ilikuwa ya Kiingereza, yenye paa la mawe na mabomba ya moshi sita. Alitaka stesheni ya Ruiru. "Ile mimi napima zamani," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akitaka kitu bila hasira. Lakini picha hakuwa nayo, na miguu yake haikumfikisha tena huko. Jumatano ile alitutuma mimi na Githinji stesheni tukachukue kifurushi chake cha kadibodi mpya. Githinji alipanga foleni dirishani. Mimi nilisimama mbele ya jengo, na kichwa changu kikafanya kile ambacho kichwa cha fundi yeyote hufanya. Hukati kitambaa kabla hujaupima mwili. Nilitoa futi yangu ya utepe nikapima mlango. Nikapima dirisha, kimo cha ukuta, upana wa mbele kwa kuhamisha futi mara kwa mara, nikahesabu hatua mpaka kwenye tangi la maji nikazigeuza futi, na yote nikayaandika kwenye daftari langu la wateja, baada ya kiuno cha mke wa karani na mabega ya mwalimu wa Sunday school. Nilitaka kumshangaza Bwana. Nakiri pia nilitaka neno kubwa kuliko "Haya". Haikunipitia akilini hata kidogo kwamba Mkikuyu mwenye futi mbele ya reli ya serikali, mwaka ule, ni mtu anayetafuta kamba ya kunyongewa.

Githinji aligeuka akaniona. "Ngai! Unapimia stesheni rinda?" aliuliza, na mara uso wake ukabadilika. "Weka hiyo kitu. Weka sasa." Niliitupa futi na daftari kikapuni. Kifurushi kilichoingia kikapuni kilikuwa kizito, kwa hivyo kikapu alikibeba yeye; tulikiacha kifurushi kwa Bwana, tukaenda njia yote hadi kijijini bila kuongea, nami nikidhani amekasirika tu. Langoni ngati, ndivyo tulivyowaita walinzi wa kijiji, walikuwa wamepewa amri mpya siku hiyo ya kupekua kila kitu. Mmoja alitumbukiza mkono kikapuni akatoa daftari. Alikuwa amesoma kidogo, bahati mbaya. Alifunua kiuno, akafunua mabega, akafika kwenye ukurasa wa mwisho, na midomo yake ikaanza kusoma polepole. "Stesheni. Mlango futi nne. Tangi..." Alinyanyua macho. "Hii ni ya nani?" Nilikuwa nimesimama hatua moja nyuma ya Githinji. Nilifungua kinywa. Nasema kweli kwamba nilikifungua. "Ni yangu," Githinji akasema. "Daftari nilichukua kwa huyu msichana, alikuwa ametupa. Maandishi ni yangu." Walimpiga kwanza kwa kitako cha bunduki, mgongoni, kisha wakamwongoza kwenye mnara wa walinzi, na mimi wakaniambia ingia ndani, unazuia njia. Nikaingia ndani.

Nimeishi na hatua zile, kutoka langoni hadi kwenye kibanda changu, zaidi ya kitu kingine chochote. Sikuwa nimesema uongo wowote. Nilitembea tu. Asubuhi yake, mke wa Githinji alikuwa amekaa mlangoni kwake, Wairimu mchanga mgongoni, akiuliza kila mpita njia kama ameona mumewe akitolewa, na nilipompita nilisema sijui. Watu walinong'ona kisimani kwamba aliyekutwa na ramani ya reli hafungwi, ananyongwa. Nilifika kwa Bwana nikiwa nimeamua jambo moja: Githinji alijitolea kwa kuwa alijua Bwana hatakubali kumpoteza mpishi wake, basi Bwana akiambiwa ataenda. Nilimkuta mezani akisukuma mayai yaliyoungua, yaliyopikwa na mtunza bustani. "Bwana, Githinji ameshikwa. Sema neno moja tu kwa ofisa. Vipimo ni vya hii treni yako." Hakuniangalia. "Mimi hapana ingia maneno ya serikali," akasema. "Kama yeye mzuri, watamwachia." Akasukuma sahani. "Hii mayai mbaya sana."

Hapo nilimchukia, na chuki ile ndiyo iliyonipa akili. Ofisa wa usalama, kijana mwenye masharubu membamba, alikuwa akija kunywa chai kwa Bwana kila Jumamosi. Ilikuwa Alhamisi. Kama Jumamosi stesheni ya Ruiru ingekuwa imesimama juu ya ile meza, futi kwa futi, basi ukurasa ule ungekuwa na maana nyingine. Daftari sikuwa nalo, lakini fundi hasahau mwili aliopima. Futi moja ya kweli ilikuwa milimita nne kwenye rula ya Bwana. Mbele arobaini na moja, kwa hivyo mia moja sitini na nne. Nilikata. Mvua ilinyesha siku zote mbili na gundi ilikataa kukauka. Ukuta wa kwanza ulijikunja, nikautupa, wa pili pia. Nilipika gundi upya, chungu baada ya chungu, nikaanika kuta juu ya jiko la kuni huku mtunza bustani akilalamika kwamba sina adabu. Karatasi ya paa niliipiga marinda kwa kuibana kati ya meno ya vitana viwili. Saa kumi na nusu nililazimika kuacha kila kitu nikimbie langoni, na kila jioni nilipita chini ya ule mnara. Ijumaa nilisikia mtu akikohoa ndani yake. Sikusimama.

Jumamosi paa lilikuwa bado limelowa lilipokuja gari la ofisa. Nilikuwa ndani ya chumba cha treni, na mlango wa veranda ulikuwa wazi, nikasikia vikombe. "Huyu mpishi wako," ofisa alisema kwa Kiingereza, na Kiingereza kidogo nilikuwa nacho, "unajua lolote juu ya hili?" Nikasikia kurasa zikifunuliwa. "Sijui chochote," Bwana akasema. Nilitoka verandani na mikono yangu ya buluu. "Daftari ni langu," nikasema. "Nimeandika mimi. Githinji hajui hata lilikuwa na nini." Ofisa aliweka kikombe chini. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, na hilo lilinitisha zaidi. "Ulipimia nani?" Nikasema, "Nilimpimia Bwana. Njoo uone."

Ofisa alisimama mbele ya meza akaikagua stesheni. Kisha alifungua daftari akaomba rula. Bwana aliishika rula kabla yake. Si kwa ajili ya Githinji, bali hakuvumilia mtu mwingine apime vitu vyake. "Mbele?" Bwana akauliza. "Arobaini na moja," ofisa akasoma. Bwana akailaza rula juu ya kadibodi. "Mia moja sitini na nne. Sawa." Mlango, sawa. Ukuta, sawa. Dirisha lilipungua kwa unene wa uzi. "Tangi," ofisa akasema, "futi sitini na tatu kutoka ukutani." Bwana akapima, akapima tena. "Hapana," akasema. "Hapa ni hamsini." Ofisa alinigeukia. "Kwa nini tangi si sawa?" Nilitazama, na ukweli ulikuwa mdogo mno hata niliogopa kuusema. "Meza iliisha," nikasema. Bwana aliinama akaangalia ukingo wa meza. "Kweli," akanung'unika. "Meza nakwisha hapa." Ofisa aliangua kicheko kifupi, akachana ule ukurasa, akautia mfukoni, akanirudishia daftari. "Siku tatu ulikuwa wapi?" akaniuliza. Nikamwambia niliogopa. Ofisa aliporudi kwenye chai yake, Bwana alibaki akiitazama stesheni, kisha akasema, "Nzuri sana," kwa sauti ya chini, na mimi sikulitaka tena neno lile.

Walimwachia Githinji Jumatatu mchana. Siku ya pili alikuja kazini, vidole viwili vya mkono wa kulia vimefungwa kitambaa. Havikunyooka tena maisha yake yote. Jioni tukirudi alitembea taratibu, nami nikapunguza hatua. "Ni Bwana alienda kunitetea, eeh?" akaniuliza. "Nilijua tu. Huyo mzee hawezi kula mayai ya mtu mwingine." Alikuwa akitabasamu, na mdomo wake ulikuwa bado umevimba. Kumwambia kwamba Bwana alikataa kungekuwa kumwambia pia kwamba mimi nilinyamaza siku tatu, nikimpita mkewe. "Ndiyo," nikasema. "Alienda." Baada ya miaka, Bwana aliuza shamba akarudi kwao, na nilisikia mji ule wa kadibodi ulichomwa na takataka. Ndivyo nilivyoamini mpaka siku ya mkebe, nilipojua kwamba Githinji aliiokoa stesheni yangu.

"Alinituma na neno," Wairimu akasema pale chini ya hema, akiinama karibu na sikio langu. "Alisema nikuambie hivi: asubuhi ile aliporudi jikoni baada ya kuachiwa, alifungua debe ya unga. Alikuwa ameijaza Jumatano. Alikuta imebaki ya kukwaruza, na Bwana hakuwa amekula mkate wala keki. Alisema akajua hapohapo ni nani alifanya kazi na ni nani hakwenda mahali kumtetea." Nilishika mkebe kwa mikono miwili. Nilimuuliza, kama alijua tangu siku ile, mbona miaka hii yote hakuniambia.

"Hata mimi nilimuuliza, tata," Wairimu akasema. "Alisema ni wewe ulikuwa uanze. Alikuwa anakungoja."